Kilichosahauliwa Kibofuni

Kwenye picha ya eksirei jiwe la kibofu huonekana kama duara jeupe lililotulia katikati ya nyonga. Kwa kawaida picha hiyo haina maajabu. Ziko chache, hata hivyo, ambazo ndani ya weupe ule hutokeza umbo ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitengeneza wenyewe: herufi T iliyonyooka sawasawa, ncha zake zikichungulia pembeni mwa jiwe. Hicho ni kitanzi cha uzazi wa mpango. Aliyewekewa alikwenda kliniki miaka mingi nyuma, akarudi nyumbani, na siku nyuzi za kitanzi zilipokosekana akaambiwa kimetoka chenyewe. Huenda akapata hata mtoto mwingine. Tangu hapo amekuwa mtu wa UTI, maambukizi ya njia ya mkojo: kila zahanati anayoingia anatoka na vidonge, na kila vidonge vinapoisha mkojo unaanza tena kumuunguza.

Visa vya namna hii vimeandikwa na madaktari wa nchi nyingi, tajiri na maskini. Ukivisoma kimoja baada ya kingine, vya vitanzi, vya mipira ya mkojo, vya nyuzi za upasuaji, ni mara chache utakutana na mkono mwovu. Utakutana na kitu kilichowekwa kwa nia njema, na mtu aliyejua anachokifanya, kwa mgonjwa aliyekihitaji kweli. Kisha siku ya kukitoa ikapita bila mtu kuikumbuka. Kwangu mimi hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kitu kigeni kikikaa kibofuni kwa muda uliopangwa, mara nyingi huokoa. Kikikaa kupita muda wake, huanza kuharibu, na kalenda ya uharibifu huo inajulikana vizuri kiasi kwamba kuusubiri ni jambo lisilovumilika.

Kibofu ni mfuko wa misuli. Kwa mtu mzima hubeba kama mililita 400 hadi 600 kabla hakijamlazimisha mwenyewe kuinuka, na kwa siku nzima lita moja hadi mbili za mkojo hupita humo. Ngozi yake ya ndani imebanana sana, isiruhusu kile ambacho figo zimekwisha kukikataa kirudi kwenye damu. Na kinga yake kubwa ni tendo lenyewe la kukojoa. Bakteria wanaopanda kutoka nje, ambao kwa mwanamke wana safari ya sentimeta nne tu na kwa mwanaume kama ishirini, hufagiliwa na mkondo kabla hawajapata pa kushika. Kila kilichomo humo kinatakiwa kiwe njiani kutoka. Weka ndani yake kitu kisichotoka, hata kiwe kidogo kama kipande cha uzi, na ile kanuni ya kufagia inavunjika, kwa sababu sasa bakteria wana ukuta wa kujibanza.

Mambo huanza mapema kuliko wengi tunavyodhani. Ndani ya saa chache protini za mkojo huwa zimekwisha kukipaka kile kitu utando mwembamba. Bakteria hutua juu ya utando huo, huzaliana, na hujitengenezea ute unaowafunika. Chini ya ute huo dawa hupenya kwa shida, na hata zikipenya hukuta wadudu waliopunguza kasi ya kuishi, wasiouawa kirahisi. Ndiyo maana vidonge humpa mgonjwa nafuu ya kweli lakini fupi: vinaua wanaoelea kwenye mkojo, vinawaacha waliojificha. Homa inashuka, mtu anamshukuru Mungu, na majuma machache baadaye yule yule bakteria anashuka tena kutoka ngomeni. Mtu anayerudi kliniki kwa UTI ya tano au ya sita hahitaji dawa kali zaidi kabla ya kuulizwa swali moja: umewahi kuwekewa kitu chochote, au kufanyiwa upasuaji wowote, chini ya kitovu?

Miongoni mwa wakaaji hao yumo mmoja anayestahili kutajwa kwa jina, Proteus mirabilis. Huyu ana kimeng'enya kinachovunja urea, ambayo mkojo umejaa nayo, na kuigeuza amonia. Amonia huondoa asidi ya mkojo. Mkojo ukipoteza asidi yake, magnesiamu, kalsiamu na fosfeti zilizokuwa zimeyeyuka kwa amani haziwezi tena kubaki majimaji. Zinaganda kuwa fuwele. Fuwele zinanasa kwenye ule ute, bakteria wanajenga juu yake, fuwele nyingine zinanasa, tabaka kwa tabaka, kama ukoko mweupe unavyojijenga ndani ya birika la nyumba inayochota maji ya chumvi. Mrija uliokuwa laini unakuwa mgumu na wenye kukwaruza. Tundu lake linaziba. Kadiri miezi inavyokwenda ukoko unakuwa jiwe kamili, na jiwe linakwaruza ukuta wa kibofu mpaka mkojo unatoka na damu.

Historia ya mrija wa mkojo ni ndefu na inagusa moyo, maana hakuna maumivu yanayomfanya mtu mzima aombe msaada haraka kuliko mkojo uliokataa kutoka. Kwenye magofu ya Pompeii zilipatikana kateta za shaba zilizopindwa kwa umbo la mwili wa mwanaume. Al-Zahrawi, mpasuaji mkuu wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alieleza mrija wa fedha na namna ya kuupitisha. Mwaka 1752 Benjamin Franklin alibuni mrija wa fedha unaopindika kwa ajili ya kaka yake John, aliyekuwa akiteswa na mawe. Mirija yote hiyo ilikuwa na kasoro moja: haikukaa. Ilibidi ifungwe kwa kamba au ishikiliwe. Ndipo katika miaka ya 1930 daktari wa Marekani, Frederic Foley, alipofanikisha mpira wenye puto dogo karibu na ncha. Unapitishwa, puto linajazwa maji kama mililita kumi, na mpira hauchomoki tena. Mpaka leo ndio huo huo unaovaliwa katika wodi zetu, na mamilioni ya watu wanalala usiku kwa sababu yake.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima, na tezi dume ilikuwa imemziba. Hospitali walimwekea mpira, wakampa mfuko wa kuufunga pajani, wakamwambia asubiri foleni ya upasuaji na kwamba mpira ubadilishwe kila baada ya muda. Mpira wa kawaida wa lateksi huhesabiwa kwa majuma, kama manne hivi. Wa silikoni unaweza kufika majuma kumi na mawili. Siku niliyokwenda kumsalimia nilimkuta ameinama ukingoni mwa kitanda, shuka limelowa, na tumbo la chini limevimba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba," alinijibu bila kuinua uso. "Mkojo unapita pembeni. Mpira wenyewe haushushi kitu."

Nikamuuliza ulibadilishwa lini. Alifikiri kidogo, akasema, "Mahindi yalikuwa mabichi." Shambani mwake kulikuwa na mabua makavu. Kwenye kadi yake iliandikwa tarehe ya kuwekewa, kwa mwandiko mzuri, na chini yake hapakuwa na chochote. Nauli ya kwenda na kurudi mjini ilikuwa bei ya gunia, na alikuwa ameamua, kama watu wengi waliolelewa kutosumbua wengine wangeamua, kwamba maadamu mkojo unatoka hakuna haja.

Muuguzi mstaafu wa jirani alikuja na bomba la sindano kutoa maji ya puto ili mpira uchomoke. Maji hayakutoka. Mama yule hakuvuta kwa nguvu. Akasema kwa upole, "Baba, hapa sitakuumiza. Twende kwa wenye vifaa." Nimekuja kuelewa baadaye jinsi busara ile ilivyomwokoa. Puto linaweza kukataa kunywea kwa sababu kijia cha maji kimeziba. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya puto lijazwe maji yaliyotakaswa na si maji ya chumvi, maana chumvi huweza kuganda humo. Ukilivuta likiwa limejaa unachana njia ya mkojo. Ukilijaza mpaka lipasuke, vipande vyake vinaweza kubaki kibofuni, na kila kipande kitakuwa mbegu ya jiwe jipya. Hospitali tulikofika walilitoa kwa utaratibu. Ncha ya mpira ilikuwa imevaa gamba la rangi ya chokaa, na mjomba aliomba aonyeshwe. Aliliangalia kwa muda mrefu. Hakuwa amejua kwamba kitu kinaweza kuota ndani yake bila yeye kuhisi.

Bakteria huingia kwenye mkojo wa mwenye mpira kwa kiwango kinachokadiriwa kuwa asilimia 3 hadi 7 kwa kila siku inayopita. Baada ya mwezi karibu kila mmoja anao. Kwa hiyo kumwambia mgonjwa "utaurudisha ukileta shida" ni kumwachia kazi asiyoweza kuifanya. Shida inapoonekana kwa macho, imekwisha kuwa ya zamani.

Mpira angalau huonekana. Una mfuko unaoning'inia, una harufu, unamkera mtu usiku, unajikumbusha wenyewe. Stenti haina hata hilo. Ni mrija mwembamba wa plastiki unaolazwa ndani ya njia inayoshuka kutoka kwenye figo, ncha moja imejikunja figoni na nyingine imejikunja kibofuni ili isiteleze. Wazo la kuweka mrija wa silikoni humo lilichapishwa mwaka 1967, na umbo hili lenye mikunjo miwili likaja mwaka 1978. Huwekwa baada ya jiwe la figo, baada ya upasuaji, au saratani inapobana njia. Ni kifaa cha ajabu kwa wema wake. Figo iliyokuwa inakufa kwa kujaa mkojo hupumua siku hiyo hiyo. Lakini imekusudiwa ikae majuma, au miezi mitatu, pengine sita, na baada ya hapo itolewe au ibadilishwe. Nje ya mwili hakuna alama yoyote. Wapo wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda nyumbani wasijue kabisa kwamba wamebeba kitu. Walipewa maelezo wakiwa bado na usingizi wa dawa, au aliambiwa shemeji aliyekuja kulipa bili, au yaliandikwa kwa kifupisho kwenye karatasi ambayo nyumbani hakuna anayeweza kuisoma.

Stenti iliyosahauliwa kwa miaka huota mawe ncha zote mbili, juu na chini, na katikati huwa kavu na kukatika. Njia iliyokuwa inalindwa inazibwa na mlinzi wake. Figo huvimba taratibu, mara nyingine bila maumivu makali, mpaka siku kipimo kinapoonyesha kwamba upande mmoja haufanyi kazi. Kuitoa stenti kwa wakati wake ni shughuli ya dakika chache. Kuitoa baada ya miaka mitatu au mitano kunaweza kuhitaji upasuaji zaidi ya mmoja, na mara nyingine kinachotolewa mwishoni ni figo yenyewe.

Hapa ndipo ninaposhindwa kukubaliana na wanaosema kosa ni la mgonjwa asiyerudi kliniki. Asiyejua hawezi kurudi. Anayejua lakini hospitali yenye kamera ya kuingiza kibofuni iko mkoa mwingine, naye anahesabu nauli, siku za kibarua na gharama ya kipimo, amezuiwa na vitu halisi. Wajibu wa kukumbuka uko kwanza kwa aliyeweka. Daftari la wodi lenye jina, tarehe ya kuwekewa, tarehe ya kutolewa na namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu, linawezekana hata pale ambapo kompyuta haipo. Ni kazi ya karani mmoja mwenye nidhamu, na italinda figo nyingi kuliko dawa yoyote ya bei kubwa.

Kuhusu kitanzi nataka kuwa mwangalifu, kwa sababu hofu husambaa haraka kuliko maarifa, na wako wanawake wengi waliopata utulivu wa maisha kupitia kifaa hicho. Kutoboka kwa mji wa mimba wakati wa kukiweka hutokea kama mara moja katika kila wanawake elfu moja, na katika hao ni wachache tu ambao kifaa huhamia kibofuni. Ombi langu ni dogo. Nyuzi zisipoonekana, lisitamkwe neno "kimetoka" mpaka ultrasaundi, na ikibidi eksirei ya tumbo zima, zionyeshe kwamba hakimo. Ultrasaundi ya mji wa mimba peke yake inaweza kusema kweli kwamba mji ni mtupu huku kifaa kikiwa umbali wa vidole viwili, ndani ya kibofu.

Uzi wa mshono usioyeyuka ukipita kwenye ukuta wa kibofu nao hufanya kazi ile ile ya mbegu. Ndiyo maana wapasuaji hushona kibofu kwa nyuzi zinazoyeyuka. Gozi ya upasuaji iliyosahauliwa tumboni inaweza, kwa miaka, kujipenyeza hadi humo. Na kitu kigumu kinachokandamiza mahali pamoja kwa muda mrefu kinaweza kutoboa njia kati ya kibofu na uke, mkojo ukawa unavuja mchana na usiku. Nani asiyejua fistula hiyo imewafanya wanawake wangapi wajitenge na jamaa zao?

Lakini watu wa pwani na wa kandokando ya mabwawa na mito yetu wanakijua kitu kigeni cha kibofuni ambacho hakikuwekwa na daktari yeyote. Ni yai la kichocho. Theodor Bilharz alimwona mnyoo wake Cairo mwaka 1851, na mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alikuta mayai yake kwenye figo za maiti za kale za Misri zilizokaushwa miaka kama elfu tatu iliyopita. Mnyoo jike huishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na hutaga mayai yenye mwiba nchani. Yanayofanikiwa kupenya hutoka na mkojo, yakirudi majini kutafuta konokono. Yasiyofanikiwa hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na mwili huyazingira kwa uvimbe, kisha makovu, kisha chokaa. Kibofu kilichobeba mayai kwa miaka mingi huweza kuonekana kwenye eksirei kimejichora chenyewe kwa mstari mweupe, kama jiwe, hakitanuki tena wala hakikazi. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimweka mnyoo huyu katika kundi la visababishi vilivyothibitika vya saratani kwa binadamu, na saratani anayoileta ni ya aina ile ile inayoweza kuota kwa watu waliovaa mipira au kuishi na mawe kwa miaka mingi. Ukuta unaokwaruzwa na kuvimba bila kupumzika mwishowe hubadilika.

Prazikwanteli huua mnyoo. Haiyaondoi mayai yaliyokwisha kuzikwa. Kwa hiyo mtoto anayetibiwa mapema anaweza kupona kabisa, na mtu mzima anayetibiwa baada ya miaka ishirini anabaki na kibofu chenye kumbukumbu zote za mto aliooga utotoni. Ziko sehemu ambako mkojo wa damu kwa mvulana ulihesabiwa kuwa hatua ya kukua, mambo ya rika, na hakuna mzazi aliyeshtuka. Kilichozoeleka na kila mtu husahaulika vibaya kuliko kilichosahauliwa na mmoja.

Limebaki kundi moja, na ningependa tulitazame kwa heshima. Ni watu walioingiza kitu wenyewe. Vitabu vya tiba vimejaa orodha zao: waya, mirija ya kalamu, mishumaa, vipimajoto, nyuzi za umeme. Wengine walikuwa wakitafuta raha ya mwili, wengine walikuwa watoto wadadisi, wengine wana ugonjwa wa akili, wengine walikuwa wakijaribu kujizibua mkojo wenyewe kwa sababu hospitali iko mbali, na wengine walifanyiwa na mtu mwingine bila ridhaa yao. Kitu kikiteleza kupita msuli wa mlango wa kibofu hakirudi nyuma. Kisha huanza kimya. Mtu huvumilia majuma, miezi, hata miaka; anakojoa damu na kuosha nguo zake usiku. Anapofika, analeta mkojo uliofunga, au usaha, au jiwe, au maambukizi yaliyokwisha kuingia kwenye damu, na bado anasimulia hadithi isiyo na kitu chenyewe ndani yake. Daktari anatibu UTI, kwa sababu ndiyo aliyosimuliwa.

Nimesikia visa hivi vikisimuliwa kwa kicheko, na picha zikipita kwenye simu. Kila kicheko cha namna hiyo kinamfikia mtu mmoja aliye kimya chumbani kwake, kinamwambia asiende. Wapo madaktari wanaojua kuuliza. Wanafunga mlango, wanawatoa ndugu nje, wanauliza kwa sauti ile ile wanayoulizia kikohozi, "Kuna kitu chochote kiliingia njiani humu? Nikijua ni kitu gani nitakitoa bila kukuumiza sana." Hawaombi sababu kabla hawajatoa kitu. Mazungumzo ya sababu huja baadaye, ikibidi na mtaalamu wa afya ya akili, na kama ni mtoto, na watu wa ustawi wa jamii, kwa sababu huenda nyuma ya kitu kile yuko mtu mzima aliyemfanyia uovu.

Kukitoa kwenyewe kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Mwaka 1824 jijini Paris, Jean Civiale alivunjavunja jiwe ndani ya kibofu cha mtu aliye hai bila kumpasua, na mwaka 1879 Mjerumani Maximilian Nitze akatangaza darubini yenye taa yake mwenyewe ya kutazama humo. Leo kamera nyembamba huingia kwa njia ya mkojo, koleo dogo hufuata ndani yake, na jiwe lililofunika kitu huvunjwa kwanza kwa mshtuko au kwa leza. Kikiwa kikubwa mno, au kimetoboa ukuta, hupasuliwa tumbo la chini. Kilichotoka hupangwa juu ya trei, kipande kwa kipande, na kulinganishwa na kifaa kipya cha aina ile ile: mikono miwili ya T imetimia, mikunjo yote miwili ya stenti ipo, puto halina pengo. Kikikosekana kipande, kamera hurudishwa ndani kabla mgonjwa hajaamshwa.